Paipu Zilikuwa Nzima

Asubuhi ile mkwe hata mswaki hajamaliza, mzee yuko tayari chini ya gari la marehemu mkewe. Mkwe alitoka uani na povu mdomoni, akaona miguu ya mzee imechomoza nyuma ya bampa, viatu havina kamba.

"Shikamoo, baba. Mbona mapema hivyo? Unatafuta nini huko chini?"

"Marahaba. Natazama breki."

"Breki mbona nzima? Jana nimelizungusha mpaka dukani. Linasimama."

"Mpaka dukani hata toroli linasimama," mzee alisema. "Huko mnakokwenda kuna miteremko."

Mkwe alitema povu mferejini. Alikuwa kijana mpole, wa kuomba ruhusa hata ya kukohoa. Alikuwa amepata kazi upande wa milimani, na leo alikuwa anahama na mkewe, moja kwa moja. Mizigo ilikuwa imefungwa kamba sebuleni. Gari lilikuwa la mama mkwe wake. Alilinunua mwenyewe kwa cherehani yake, na alipozidiwa na ugonjwa alisema gari apewe binti yake. Mzee hakubisha. Gari si mke, alisema, lichukueni.

Mtaani walimwita Vidole. Maisha yake yote alikuwa fundi wa breki. Macho yalipoanza kuingia ukungu aliacha kuendesha, lakini kazi hakuiacha. Alihamishia macho kwenye vidole. Alipapasa chini ya gari kama mtu anayetafuta funguo gizani, akatoka na jibu. Mafundi wenye macho mazima walimcheka, kisha wakaja kumuuliza. Yeye hakuwacheka wala kuwafundisha. Maneno yalimtoka kwa shida. Mkewe alikuwa akisema, "Huyu mume wangu, ukitaka neno la pili lazima umtingishe."

Sasa wa kumtingisha hayupo. Binti ndiye aliyebaki, na binti alikuwa amemnunia.

Mambo yalianzia hospitali. Mama alikuwa kitandani, mguu wa kulia umelala kama si wake, na mkono wa upande uleule unaufuata. Daktari aliinua ule mguu, akauachia, ukaanguka. Akamgeukia mzee.

"Huu mguu ulianza kulegea lini?"

"Mwezi uliopita," mzee alijibu. Ndivyo alivyojua.

Daktari alitikisa kichwa. Mguu haufiki hapo kwa mwezi mmoja, alisema. Mngemleta ulipoanza, tungekuwa na la kufanya. Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja saa, akaenda kitanda cha pili. Binti alikuwa amesimama pale pale, chupa ya uji mkononi.

Baada ya mazishi binti aliuliza. "Baba, ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Mnalala kitanda kimoja, baba."

Mzee alitazama mikono yake. Binti aliuliza tena siku nyingine, anaosha vyombo, amempa mgongo. Akauliza tena wakigawa nguo za mama. Jibu likawa lile lile, naye kila akilisikia alizidi kuwa baridi. Mwishowe yakabaki maneno ya lazima tu. Chakula tayari. Maji yamechemka. Tunaondoka Jumamosi.

Leo ndiyo Jumamosi. Mzee alijua kwamba binti akitoka getini na swali lile, ndio basi. Atapiga simu siku za ugonjwa na siku za misiba. Alilala chini ya gari, saruji inamkata mgongo, akatamani angekuwa na jibu. Hakuwa nalo. Alikuwa na breki tu, kwa hiyo alitazama breki.

Mafuta ya breki hupita kwenye mabomba ya chuma. Lakini gurudumu hucheza, hupanda na kushuka, na chuma hakikubali kukunjwa kila siku. Kwa hiyo karibu na gurudumu huwekwa paipu fupi ya mpira. Mpira nao huzeeka. Mzee alishika paipu ya nyuma kushoto, akaikunja taratibu pale inapoingia kwenye chuma. Vidole vikakuta nyufa, kavu na kali, kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Akahamia ya kulia. Nayo vilevile. Za mbele zilikuwa laini, hazina kovu. Hizo alizifunga mwenyewe mwaka jana.

Binti alitoka na furushi la masufuria kichwani.

"Baba, liache hilo gari. Tunapakia."

"Paipu za nyuma zimekwisha."

"Tutatengeneza huko huko."

"Mtafikaje huko huko?"

"Baba, unataka kutuchelewesha tu."

"Hilo pia nataka," mzee alisema. "Lakini paipu zimekwisha kweli. Njoo uguse."

Mkwe alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Binti alisimama kidogo, akatua furushi, akapiga goti, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Alikuwa mtoto wa fundi breki. Alijua anachokishika. Alipoutoa mkono aliufuta kwenye kanga, uso umemshuka.

"Unazo nyingine?"

"Ninazo ndani. Nilinunua zikakaa."

"Nani atakukanyagia?"

"Mimi naweza," mkwe alisema, akainua mkono kama yuko darasani.

"Wewe umewahi?"

"Kukanyaga breki? Kila siku nakanyaga."

"Si hivyo. Utaachia kabla hajafunga, utuingizie upepo kwenye mabomba, tulale hapa. Wewe pakia masufuria." Binti akafungua mlango wa gari, akakaa kwenye kiti cha mama yake. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele sana, kwa mtu mfupi. Hakukirudisha. Alikaa magoti yamegusa usukani.

Kazi ya breki haimalizwi na mtu mmoja, labda awe na vyombo vya kisasa, na mzee hakuwa navyo. Mmoja hulala chini, afungue na kufunga kiskrubu upepo utoke. Mwingine hukaa juu, akanyage na kushikilia. Miaka yote wa juu alikuwa mkewe. Cherehani yake ilikaa barazani, hatua chache kutoka gereji ya uani, na mzee alipohitaji mguu aligonga spana kwenye chuma. Mke aliacha nguo chini ya sindano, akaja, akavua ndala, akapanda. Kugonga mara moja, kanyaga ushikilie. Mara mbili, achia. Jirani yao alikuwa mchomeleaji, na msasa wake wa umeme ulipiga kelele kutwa nzima, kwa hiyo maneno yasingefaa. Basi wakazoea. Hata siku mchomeleaji alipohama na uani pakawa kimya, mzee aliendelea kugonga.

Aliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, magurudumu yote manne yakining'inia. Kabla ya kufungua kitu alitaka kujua kama kuna paipu iliyovimba kwa ndani. Paipu ya namna hiyo nje huonekana nzima, kumbe ndani imeziba kama koo lenye mafindofindo. Ukikanyaga, mafuta hupita kwa tabu na breki haishiki. Ukiachia, hayarudi, na gurudumu linabaki limekamatwa. Mzee alizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, akagonga spana mara moja.

Gurudumu likaendelea kuzunguka.

Akagonga tena.

"Ongea, baba!" Binti alipiga kelele kutoka juu. "Unanigongea mimi mlango? Mimi si mama!"

Mkwe alisimama na sufuria mkononi. Mzee alilizungusha gurudumu tena.

"Kanyaga," alisema.

Gurudumu lilisimama palepale, kama limepigwa msumari.

"Achia."

Likawa jepesi, likazunguka kwa kidole kimoja. Akahamia la pili. Kanyaga, likasimama. Achia, likazunguka. Akaenda mbele, kulia na kushoto. Yote manne yakawa vilevile.

"Inakuwa nzito?" mzee aliuliza.

"Nini?"

"Pedeli. Ukikanyaga."

"Nyepesi tu. Hata mtoto angekanyaga."

"Kanyaga tena. Polepole. Unahisi kama inakukatalia?"

"Hainikatalii, baba. Breki ni nzuri. Badilisha hizo paipu tuondoke."

Mzee alibaki amechuchumaa, mkono juu ya tairi. Mkwe alidhani amepatwa na kizunguzungu, akamletea kigoda. Mzee alikikalia bila kushukuru.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaisha, mkewe alirudi sokoni, akaweka kikapu, akasema, "Mzee, hizi breki siku hizi zinanichosha. Hazishiki mpaka nikanyage kwa nguvu zangu zote."

Hakusema mguu. Alisema breki. Na angesema nini kingine, kwa mume wa breki?

Mzee aliingia chini. Alipapasa, hakukuta ufa. Alimwita, akagonga mara moja, mkewe akakanyaga. Mafuta yalitoka kwenye kiskrubu yanachuruzika, hayana nguvu, kama mkojo wa mzee. Akajiambia, hapa pameziba. Paipu imevimba ndani. Akafunga mpya mbele zote mbili. Akagonga. Mafuta yakachuruzika vilevile. Alizichana zile za zamani kwa kisu, kutoka juu mpaka chini, akapitisha kidole. Zilikuwa safi, laini, wazi. Akashangaa, akazitupa jalalani. Akasema, basi kosa liko nyuma, akanunua na za nyuma. Kabla hajazifunga mkewe alizungusha gari mpaka kona, akarudi anatabasamu.

"Imekuwa nzuri sasa, mzee. Acha, usijisumbue."

Baada ya hapo aliliacha gari. Alisema petroli inapaa. Akawa anamtuma mtoto wa jirani sokoni. Mzee alifurahi kwamba breki zimepona.

Na gari lile halikuguswa tena na fundi yeyote. Lilikaa pale uani, na breki zile zile, na paipu zile zile za nyuma, mpaka asubuhi hii. Na asubuhi hii breki zinashika. Hazijawahi kuacha kushika.

"Baba?" binti aliita. "Tunaendelea au hatuendelei?"

"Tunaendelea."

Alifanya kazi kama anavyoifanya siku zote, maana mikono haikuwa na habari ya msiba. Alimwagia nati mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri. Alifungua kwa spana inayoikumbatia nati pande zote, isiteleze ikaharibu kona. Akachomoa klipu, akatoa paipu ya zamani, akaziba bomba kwa kifuniko cha mpira mafuta yasimwagike. Paipu mpya ilikuwa na mstari mweupe ubavuni. Aliifunga akiusogeza mstari karibu kabisa na jicho lake jema, uwe umenyooka, maana mstari ukizunguka paipu imejikunja, na paipu iliyojikunja haikai. Akasukuma gurudumu huku na huku kuona kama litaigusa. Haligusi. Akahamia upande wa pili.

Mkwe alikuwa amechuchumaa kando. "Baba, kumbe kazi yenyewe ni ya taratibu hivi. Mimi nilidhani mnachomoa na kuchomeka."

"Wapo wanaochomeka."

"Na huwa wanakuwaje?"

"Waulize waliopanda magari yao."

Mkwe alicheka. Binti hakucheka. Alikuwa anatazama mbele kupitia kioo, mikono kwenye usukani, kama ameshaanza safari.

Ukaja wakati wa kutoa upepo. Mzee alijaza mafuta ya breki kwenye kikopo chake chini ya boneti, akamweka mkwe pale asimamie yasikauke. Akaanza na gurudumu la mbali. Akavalisha kiskrubu mpira mwembamba, ncha yake akaitumbukiza kwenye chupa.

"Kanyaga. Tena. Tena. Shikilia."

"Nimeshikilia."

Alifungua. Mafuta yaliruka yakapiga ukuta wa chupa, mapovu yakakimbizana ndani ya mpira. Chupa ilimtikisika mkononi. Hakuwa amesikia nguvu ile tangu siku nyingi. Alifunga.

"Achia."

Wakaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu. Kanyaga, shikilia, achia. Mzee hakuwahi kusema maneno mengi namna ile katika kazi moja. Za mbele hazikufunguliwa, lakini alizitoa upepo pia, na za mbele nazo zikaruka. Mguu wa binti ulikuwa mzima, na mafuta yalikuwa yanamwambia mzee hivyo kila alipofungua. Mafuta hayo hayo yalikuwa yamemwambia na habari za mguu wa mkewe. Yeye akabadilisha paipu.

Alipomaliza, alishusha gari, akakaza nati za tairi. Binti aliteremka, akakagua kila gurudumu kama alivyofundishwa utotoni. Mbele akachutama, akashika paipu.

"Hizi mbona mpya?"

Mzee alikuwa anafuta spana.

"Baba, hizi za mbele mbona mpya? Mama hakuniambia kwamba gari lilikuwa na ubovu."

Hapo mzee angeweza kusema zilichakaa. Neno moja tu, na neno moja halikuwahi kumshinda. Binti angekubali. Wangepanda, wangeondoka, na swali lingeondoka nao kama mzigo mwingine. Aliweka spana chini.

"Mama yako alisema breki hazishiki," alisema. "Mwaka jana. Mvua zinaisha. Alisema anakanyaga kwa nguvu zake zote na hazishiki. Nikamkanyagisha. Mafuta yakatoka bila nguvu. Nikadhani paipu."

"Na zilikuwa paipu?"

"Zilikuwa nzima."

Binti hakuelewa mara moja. Mkwe ndiye aliyeelewa kwanza. Alifunga boneti polepole, akaishikilia isipige kelele, akaondoka kuelekea ndani.

"Breki hazijawahi kuwa mbovu," mzee alisema. "Nimejua leo, ulipokanyaga. Daktari aliniuliza mguu ulianza lini. Ulianza mwaka jana, mvua zinaisha."

Binti alisimama. Aliutazama mguu wake mwenyewe, wa kulia, ndala imejaa vumbi la uani.

"Mwaka jana," alisema.

"Ndiyo."

"Mama anakwambia hana nguvu, unalala chini ya gari."

"Alisema breki."

"Alisema breki kwa sababu breki ndiyo ulikuwa unasikia!" Sauti ilimpanda, kisha ikakatika. "Ungeinua kichwa, baba. Ungeinua kichwa tu, ukachungulia dirishani, ukauona mguu wake unatetemeka. Ungeuliza, mke wangu una nini. Ulimgongea. Akaja hivyo hivyo na mguu unaokufa, akakukanyagia, usikasirike."

"Sikuwahi kumkasirikia."

"Najua. Hukuwahi kumkasirikia, hukuwahi kumuuliza."

Mzee angesema macho yake yana ukungu, ingekuwa kweli, na isingesaidia. Binti alifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kwa nini umeniambia?"

"Ulikuwa unauliza."

"Nilikuwa nauliza ili useme hukujua!" Alikuwa analia sasa, kwa hasira, meno yameumana. "Kila siku ulisema hukujua, na mimi nilikuwa najilazimisha nikuamini. Nilikuwa nimeshaanza kukuamini, baba. Nilijiambia nikifika huko nitakupigia, niseme yaishe. Sasa niseme nini? Niseme asante kwa paipu?"

Mzee alifungua mdomo. Alitafuta neno, na kwa mara ya kwanza alilitafuta kwa dhati, kama anavyotafuta ufa. Hakulipata. Alichopata kilikuwa cha kazi.

"Mteremkoni usikanyage mfululizo," alisema. "Zitapata moto. Tumia gia."

Binti alijifunga kanga upya. Kisha akaingia ndani kuchukua mkoba wake.

Walimalizia kupakia. Mkwe alikuja kuaga kwa mikono miwili, akainama sana, akasema, "Baba, mpe muda," kwa sauti ya chini. Mzee akamwambia, "Endesheni salama." Binti alikaa kwenye usukani yeye mwenyewe. Safari hii alikirudisha kiti nyuma mpaka mwisho, kikagota kwenye reli yake.

"Nenda ndani, baba, jua kali," alisema kupitia dirishani, bila kumtazama.

Gari lilitoka getini. Mzee alitembea mpaka barabarani akasimama. Kwa macho yake lilikuwa doa jeupe linalopungua. Kule kwenye kona taa mbili nyekundu ziliwaka, zikakaa zimewaka. Amekanyaga breki. Amesimama. Mzee alipiga hatua, akapiga nyingine, mkono umeinuka wenyewe.

Baiskeli ilikatiza mbele ya gari ikapita. Taa zikazimika, gari likapinda kona.

Mzee alisimama mpaka vumbi likatulia. Breki zilikuwa zimeshika vizuri, mara moja, bila kuvuta upande. Alirudi uani, akamwaga mafuta machafu kwenye dumu, akaanza kuokota spana moja moja.